Kitambaa Kizima na Kitambaa cha Madirisha

Siku mume wangu aliporudi kutoka machimbo ya Geita alishuka kwenye basi na vitu viwili: mkono wa kulia uliofungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko, na mfuko mrefu wa turubai ambao alikuwa ameugombania na konda njia nzima ili usiwekwe kwenye buti. Pale stendi ya Mhunze mimi niliukimbilia mkono, yeye akaukimbilia mfuko. Nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wanatutazama, lakini moyoni nilishawaka. Mtu ameangukiwa na jiwe ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, amepoteza vidole viwili, na bado anahangaikia mfuko.

Tulipofika nyumbani niliufungua mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na fito nyeusi nyepesi, vishikio viwili vya chuma vilivyovikwa sponji, nyuzi nyeupe zilizoviringishwa vizuri, na vitambaa viwili vikubwa vya nailoni. Cha kwanza kilikuwa chekundu na njano, kizima, kimeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Cha pili kilikuwa cha buluu na kilijaa madirisha: vipande virefu vilikatwa katikati na mahali pake pakashonewa wavu, kama chandarua. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya soko, na nguo yenye tundu siwezi kuitazama bila mkono kuniwasha. Nilimuuliza kama hiki cha pili kililiwa na panya huko machimboni.

"Ni tiara," alisema. "Tiara ya kamba nne."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miezi mingi nilikuwa nikimpigia simu Jumapili mchana hapokei, na nilikuwa nimeshamtengenezea mwanamke kichwani mwangu, mwenye sura na sauti kabisa. Kumbe mume wangu, mtu mzima mwenye watoto watatu, alikuwa kwenye uwanja wa changarawe anarusha tiara. Alifundishwa na mgeni mmoja, mtaalamu wa miamba, ambaye alipoona mkono umepondwa na yeye mwenyewe anaondoka nchini, alimwachia mfuko mzima kama pole. Mume wangu hakuwahi kunieleza kwa sababu aliona aibu. Aibu hiyo ilitugharimu baadaye, nitafika huko.

Kabla ya hapo lazima niseme alikuwa nani. Alikuwa manju wa kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya majembe. Manju ndiye anayetunga nyimbo na kuimba mstari wa kwanza ili wengine waitikie, na kwenye bugobogobo ndiye anayelirusha jembe juu likazunguka na kulidaka kama vile halina uzito. Machimboni alikuwa akienda miezi ambayo shamba la pamba halihitaji watu wawili. Baada ya ajali jembe lilikuwa linamtoka mkononi hata akilishika tu, na kuimba akaacha. Hakuimba shambani, hakuimba akioga, hakuimba hata kanisani ambako hata wasiojua kuimba huimba.

Bandeji zilipofunguliwa, mwenyekiti wa kikundi alikuja na wazee wawili. Niliwapa viti, nikawapa maji, nikakaa karibu kusikia, maana niliijua safari yenyewe.

"Mwangaluka, mayu," mwenyekiti alinisalimia kwa Kisukuma, kisha akamgeukia mume wangu. "Bhabha, sisi hatujaja kukufukuza. Ila jembe linataka mkono. Tunakungoja mpaka mashindano ya ngoma kule Didia. Ukisimama pale na kitu cha kuvuta watu, wewe ni manju wetu. Usiposimama, tutatafuta mwingine, na tusichukiane."

Mume wangu alijibu sawa. Wageni walipotoka nilimuuliza atafanya nini wakimpata huyo mwingine. Akasema atarudi Geita. Nikamuuliza na mkono gani. Akasema, "Kule hawaulizi vidole. Kamba ya kushukia nitajifunga kiunoni." Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kupanga nguo za safari, na mimi niliogopa kuliko siku niliyopigiwa simu ya ajali. Siku ile alikuwa ameshatoka shimoni, na sasa alikuwa ananiambia atarudi.

Kwa asiyejua, mashindano yetu hayana utaratibu wa mmoja kucheza na mwingine kungoja. Vikundi viwili hupiga ngoma kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Filimbi ya mwisho ikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta kioja chake: huyu atakuja na chatu shingoni, yule atakuja na fisi wa mbao anayetingisha taya. Na ngoma ikishaanza haisimami. Ukisimama kurekebisha kitu, hata ukanda wa suruali, umeshakubali kushindwa.

Mume wangu alikuwa amekwisha kujua kioja chake ni nini. Alianza mazoezi asubuhi, jua likiwa bado la upole, kwenye shamba letu lililokwisha kuvunwa. Alikifunga kitambaa kizima kwenye fito, akanyoosha nyuzi nne, mbili kila kishikio, moja ya juu na moja ya chini. Ukivuta zile za juu tiara inapanda. Ukikunja kifundo cha mkono zile za chini zinaikamata, inasimama hewani, inageuka kichwa chini, inarudi kinyumenyume. Kwa sababu kishikio cha kulia kilikuwa kinamponyoka, nilimshonea ukanda wa ngozi kutoka kwenye mkoba mkuukuu, nikakifunga kwenye kifundo chake. Nilijivunia ule ukanda. Upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo, kile kitambaa chekundu na njano kikawa kinapaa taratibu na kusimama mahali alipokitaka, na mume wangu akacheka kwa sauti. Nilikuwa na mzigo wa kuni mkononi na sikumbuki niliuweka wapi.

Basi nami nikaamini kazi imekwisha. Kitambaa kilikuwepo, rangi zilikuwepo, watu wa Didia wangekuja mbio.

Upepo wa kiangazi ukaanza rasmi wiki mbili baadaye. Anayeishi kwetu Kishapu anaujua: asubuhi unalala, mchana unaamka na hasira, unabeba vumbi na mifuko ya nailoni na chochote ulichosahau kwenye kamba ya nguo. Mume wangu akasema lazima azoee saa za mchana kwa kuwa ngoma hupigwa mchana. Nilikuwa nimesimama pembeni nilipoona kitambaa kizima kimejaa upepo, nyuzi zikaanza kulia, na yeye akavutwa hatua moja, mbili, kisha akaanguka kifudifudi na kuburutwa juu ya mabua ya pamba. Mkono wa kushoto aliachia. Wa kulia hakuweza, kwa sababu mimi nilikuwa nimemfunga.

Nilikata ukanda kwa mkasi wa kazini. Kidonda kilifunguka upya na kifundo kikavimba. Alipopata pumzi alisema maneno machache tu: "Upepo kama huu unataka kile cha madirisha." Hakueleza kwa nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani nimeelewa. Nilidhani kile cha buluu ni kizito zaidi, au kimeshonwa imara zaidi, na kwamba ubaya wake ni ule uchakavu tu.

Kesho yake alikwenda hospitali kusafishwa kidonda. Nilibaki na kitambaa cha buluu mezani na nikatafakari jinsi kitakavyoonekana mbele ya umati. Mke wa manju ni fundi cherehani, halafu manju anasimama uwanjani na kitambaa kilichojaa matundu! Wangesema nini wale wanawake wa Didia wanaonijua? Nilichukua bitana ya buluu iliyobaki kwenye suti za harusi, nikapima kila dirisha, nikakata, nikakunja pindo, nikashona. Madirisha yote, mbele na nyuma, mshono wa kuficha. Nilifanya kazi ile kwa upendo mtupu, na naapa sijawahi kushona vizuri vile.

Aliporudi nilimtandazia kitandani. Alikitazama muda mrefu, akapapasa mahali palipokuwa na wavu, akasema, "Kimependeza." Hilo tu. Jioni ile ile, upepo ukiwa umepungua, alikijaribu, na kikamvuta kuliko hata kile kizima, kwa sababu sasa kilikuwa na nguo mbili. Safari hii hakuwa amejifunga, aliachia vyote viwili na tiara ikaenda kugonga ardhi upande wa pili wa shamba.

"Mke wangu," alisema akiwa amenipa mgongo, "umeziba njia ya upepo. Yale madirisha yako pale ili upepo mkali upite, usinivute."

Hapo nililipuka. Nilimwambia kwamba mimi si mganga wa kusoma mawazo. Nilimwambia mtu mwenye mdomo huutumia. Kwamba alificha tiara mwaka mzima kama anaficha hawara, na sasa anaficha hata maana ya tundu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Naye, badala ya kukasirika, akaketi kwenye tuta na kusema aliona aibu: mwanaume asiyeweza kushika jembe, atamwelezaje mkewe kuhusu upepo na vitambaa? Niliketi karibu naye. Tuliongea mpaka ng'ombe wa jirani wakarudi zizini, na nadhani yale ndiyo mazungumzo marefu zaidi tuliyofanya tangu tuoane. Ndipo nilipoelewa vizuri kwamba kitambaa kizima ni cha upepo mdogo, kinaushika wote ulioko. Cha madirisha ni cha upepo mkali, kinachukua kinachohitaji na mwingine kinauacha uende. Kwa mtu mwenye mikono miwili salama ni suala la raha tu. Kwa mume wangu lilikuwa suala la kubaki amesimama.

Nilifumua kazi yangu yote kwa wembe. Kufumua mshono mzuri kunauma, anayeshona anajua. Na haikutosha, maana sindano yangu ilikuwa imeuchana wavu wa asili katika madirisha manne. Nikampigia simu wifi yangu, dada wa mume wangu anayeanika dagaa Chato, nikamwomba kipande cha wavu wa dagaa ambacho hakijaoza.

"Cha nini, wifi? Umeanza kuvua kwenye lambo?" aliniuliza.

Nilimweleza. Alicheka, lakini kipande kilifika kwa basi siku ya tatu kikiwa ndani ya mfuko wa sukari, na kilinuka dagaa hata baada ya kukifua mara nne. Niliyashona yale madirisha manne upya, polepole, bila kuuvuta wavu. Tulipokipandisha mchana wa upepo, kiliruka. Kilitetemeka kidogo upande wenye wavu wa Chato, lakini kiliruka, na mume wangu alisimama wima na ukanda mpya mkononi, magoti yakiwa yamelegea kama mtu anayeongea na rafiki.

Siku ya Didia tulifika mapema, maana tulikuwa tumepangiwa kuanza kabla ya saa sita. Uwanja ulikuwa mkubwa, wauza miwa wameshajipanga, na hewa ilikuwa imetulia kabisa. Hata moshi wa jiko la chapati ulipanda moja kwa moja. Mwenyekiti alipoona mume wangu anatoa kitambaa cha buluu alikuja mbio.

"Hapana. Leo watu wanataka rangi. Weka chekundu. Huo wavu wa dagaa tutachekwa mpaka Shinyanga mjini."

"Upepo utakuja, mzee," mume wangu alisema.

"Uko wapi? Mimi siuoni. Hicho chenye matundu kitaruka na nini?"

Na alikuwa na haki. Kwa hewa ile kitambaa cha madirisha kisingeinuka hata hatua moja, na kile kizima kingepaa vizuri, kingependeza, kingeita watu tangu dakika ya kwanza. Lakini kama upepo ungekuja katikati ya ngoma, kile kizima kingemburuta mbele ya kila mtu, na kubadilisha kusingewezekana, kwa sababu ngoma haisimami. Ilikuwa lazima kuchagua pale pale, kabla ya kujua. Mume wangu alishika vitambaa vyote viwili akanitazama mimi. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya wazee, akaniuliza mimi.

"Wewe unasemaje?"

Nilitamani nikimbie. Nilifikiria Geita, na kamba kiunoni. Kisha nilifikiria kamba yangu ya nguo nyuma ya kibanda, na kila mchana wa mwezi ule nilivyokimbia kuokota mashati ya wateja kwenye vumbi. Hakuna mchana hata mmoja uliokuwa umeniacha nikae. Nikasema, "Madirisha."

Mwenyekiti alirudi kwenye ngoma yake.

Filimbi ililia, ngoma zikaanza pande zote mbili. Wenzetu walikuwa na chatu wawili. Sisi tulikuwa na majembe, na nyuma ya majembe mume wangu amesimama na vishikio viwili, na mbele yake kitambaa cha buluu kimelala chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Alivuta. Kikainuka kidogo, kikaanguka. Watu waliokuja kwetu walingoja kidogo kwa adabu, kisha wakaanza kwenda kuona chatu, familia moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba huenda samaki wenyewe bado wako ndani. Mwenyekiti alikuwa anapiga ngoma huku akinitazama mimi, si ngoma. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Najua tu kwamba nilimwomba Mungu upepo kama wenzangu wanavyomwomba mvua, na kwamba nilimkasirikia pia.

Kwanza yalisogea maganda ya miwa. Halafu turubai la muuza chapati likapiga kofi. Upepo ulipofika ulifika wote kwa pamoja na vumbi lake, kofia zikakimbia, na tiara ikainuka kutoka ardhini moja kwa moja mpaka urefu wa mti, ikasimama. Ilisimama tu, juu ya wachezaji, katika upepo uliokuwa unawafanya watu wafunike macho. Mume wangu alikunja vifundo, ikageuka kichwa chini, ikashuka mpaka karibu na majembe, ikarudi juu kinyumenyume. Jembe likitupwa, nayo inapanda. Jembe likidakwa, nayo inashuka. Nilimtazama miguu. Haikusogea.

Niseme kabisa kwamba hatukushinda siku ile. Ule muda wa mwanzo ulikuwa umetumaliza, na filimbi ya mwisho ilipolia wenye chatu bado walituzidi kidogo. Mwenyekiti alikuja akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope na kumwambia mume wangu, "Manju, mwakani tutaomba tupangiwe mchana kabisa." Kisha akanisalimia mimi kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Lakini yote hayo yalikuwa baadaye. Ninalotaka kulikumbuka ni lile la katikati, watu walipoanza kurudi upande wetu wakikimbia, watoto mbele na wazee nyuma, na mduara ukajaa mpaka nikasukumwa na kukanyagwa. Mume wangu alikuwa na mikono yote miwili kazini na macho yake juu. Akafungua mdomo akaimba. Sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kazi, na mstari ulikuwa mpya, sikuwahi kuusikia. Aliimba kwa Kisukuma, akiliambia shimo la Geita: vidole viwili nimekuachia, vinakutosha, usinitumie salamu, hivi vilivyobaki nina kazi navyo hapa.

Kikundi kikaitikia, vinakutosha. Umati nao ukaitikia. Mimi nilichelewa kwa sababu nilikuwa nalia, na nilipopata sauti walikuwa wameshaingia kwenye mstari mwingine, lakini niliitikia hivyo hivyo, peke yangu.